Nukta ndani ya pasi: mwongozo kamili wa kusoma alama za kupiga pasi kwenye etiketi ya nguo

Mwaka wangu wa pili wa kupigia watu nguo pasi, mama mmoja wa kwaya aliniletea blauzi ya zambarau jioni ya Jumamosi. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, kwa hiyo nilikuwa natumia pasi ya makala (makaa, kama wanavyoyaita kwingine), na makala yenyewe yalikuwa yamekolea. Niligusa mara moja tu, mgongoni karibu na ukosi. Kitambaa kilijikunja kama utando wa maziwa yanayochemka, kikanata kwenye chuma. Nilipoinua pasi, palikuwa na tundu lenye umbo la ncha yake, kingo zimekuwa ngumu na nyeusi. Nikaigeuza blauzi nje ndani. Kwenye mshono wa ubavuni etiketi ilikuwepo, safi, haijafifia: kipasi kidogo chenye nukta moja, na juu yake neno "polyamide", yaani nailoni. Yote niliyohitaji kujua yalikuwa yameandikwa pale, ila sikuwa nimejifunza kuyasoma. Blauzi niliilipa, na iliyonisumbua zaidi ya pesa ni kwamba mama yule hakuwa na nyingine ya kuvaa kesho yake kanisani.

Ndiyo maana naandika haya kwa yeyote anayeshika pasi hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, iwe ya umeme au ya makala, na hasa kwa anayenunua mitumba soko la Kadutu, ambako baloti (robota) moja huweza kutoa nguo za nchi tano zenye etiketi za lugha tano. Alama zimewekwa ili lugha isiwe kikwazo.

Tafuta etiketi sahihi

Ile ya ukosini mara nyingi inabeba jina la mtengenezaji na saizi tu. Ya matunzo iko kwingine: kwa mashati, blauzi na magauni, angalia ndani ya mshono wa ubavu wa kushoto, chini kidogo ya kiuno. Kwa suruali na sketi, angalia ndani ya kiuno upande wa nyuma. Kwa koti, ingiza mkono kwenye mfuko wa ndani, imejificha humo. Wakati mwingine zimeshonwa etiketi tatu nne pamoja kama kurasa za kitabu, zifunue zote.

Utakuta maumbo matano. Beseni la maji ni kufua. Pembetatu ni dawa za kung'arisha kama javeli. Mraba ni kukausha. Pasi ni pasi. Duara ni kazi ya presingi (dobi wa kitaalamu), na herufi zilizomo, P, F au W, ni za fundi wa presingi; wewe zipite. Alama hizi zinatunzwa na shirika la GINETEX, lililoanzishwa Paris mwaka 1963, na ndizo zilizoingia katika kanuni ya kimataifa ya ISO 3758. Kwa hiyo shati lililoshonwa Bangladesh na gauni lililoshonwa Ureno hutumia kipasi kilekile.

Kuna kosa moja ambalo nimeliona kwa wengi. Binti anayenisaidia (huniita Yaya, yaani mkubwa wake) aliniita siku moja: "Yaya, hii ina nukta mbili, niipige na moto wa katikati?" Nikamuuliza, nukta ziko ndani ya nini? Akatazama tena. "Ndani ya beseni." Nukta mbili ndani ya beseni maana yake ni kufua kwa maji yasiyozidi digrii 40. Na ndani ya mraba wenye duara, nukta zinahusu joto la mashine ya kukausha. Kwenye nguo ile kipasi kilikuwa kimekatwa kwa alama ya X. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu nukta, uliza ziko ndani ya umbo gani.

Kipasi chenyewe

Nukta hupima joto la kitako cha pasi, yaani uso wa chuma unaogusa nguo. Kwa mujibu wa toleo la mwaka 2012 la ISO 3758, viwango vilikuwa hivi, na mimi bado navifuata:

Nukta moja: kitako kisizidi digrii 110. Hapa ndipo penye nailoni (polyamide), akriliki, asetati na mchanganyiko mwingi wenye elastani. Mvuke nao ni hatari kwa nguo za nukta moja, piga kavu.

Nukta mbili: kisizidi digrii 150. Poliesta, sufu, viskosi nyingi, hariri nyingi, na mchanganyiko wa poliesta na pamba.

Nukta tatu: kisizidi digrii 200. Pamba tupu na kitani.

Kipasi kilichokatwa kwa X kubwa: usipige kabisa, hata kwa pasi ya vuguvugu, hata juu ya kitambaa. Kuna nguo za polipropilini, kwa mfano, ambayo huyeyuka karibu na digrii 160, na kuna nyingine zilizobandikwa kwa gundi isiyovumilia joto. Nguo ya X ifue, ikung'ute vizuri, itundike kwenye hanga ikiwa bado inachuruzika. Uzito wa maji utainyoosha.

Kipasi chenye mistari midogo chini yake kama mvuke, na mistari hiyo ndiyo iliyokatwa: pasi ruksa, mvuke hapana. Itazame kwa makini, kwa sababu X ikiwa ndogo na etiketi imepauka, ni rahisi kudhani pasi yote imekatazwa. Fuata mistari ya X: inapita juu ya chuma, au inapita chini yake tu?

Na kipasi kitupu, bila nukta? Katika mfumo wa Marekani maana yake nguo inavumilia joto lolote. Mimi siifuati hivyo kwa nguo ya mitumba. Naangalia kwanza imetengenezwa na nini, kisha naanza na joto la chini na kupanda.

Jambo ambalo natamani kila mtu alishike ni hili: nukta ni dari. Haikuamuru ufike hapo, inakukataza kupita hapo. Gauni la pamba lenye nukta tatu linaweza kunyooka vizuri kwa joto la nukta mbili likiwa na unyevu kidogo, na litadumu zaidi. Lakini nailoni ya nukta moja haina huruma ya nukta ya pili.

Kwa nini pamba inastahimili na nailoni haistahimili

Pamba na kitani ni nyuzi za mimea. Haziyeyuki. Zikizidiwa na moto zinabadilika rangi kuwa njano, kisha kahawia, kisha zinaungua. Mikunjo ya pamba inashikiliwa na vifungo vidogo sana ndani ya uzi, ambavyo maji huvilegeza. Pasi ikikausha maji hayo huku ikikandamiza, vifungo vinajifunga upya uzi ukiwa umenyooka. Ndiyo maana pamba kavu kabisa inakataa kunyooka hata ukiikandamiza kwa nguvu zote, na pamba yenye unyevu inatii mara moja. Tatizo la anayelalamika kwamba kitenge hakinyooki, mara nyingi ni maji, si moto.

Poliesta na nailoni ni plastiki zilizovutwa kuwa nyuzi. Joto linazilainisha, ndiyo maana zinanyooka kwa moto kidogo, na ndiyo maana ukitia mkunjo mbaya kwenye suruali ya poliesta kwa pasi ya moto mkali, mkunjo huo hautoki tena kirahisi. Nailoni ya aina ya kawaida huyeyuka karibu na digrii 220, lakini huanza kulainika na kunata mapema kabla ya hapo. Kitako cha pasi ya makala iliyokolea hufika huko bila taabu. Blauzi ya zambarau ilinifundisha hilo.

Kama nukta zimefutika, soma vitambaa

Etiketi nyingi za mitumba zimefuliwa mpaka alama zimepotea, lakini asilimia na majina ya vitambaa bado yanasomeka. "Coton", "cotton", "cotone" na "Baumwolle" zote ni pamba. Hiyo ya mwisho ni ya Kijerumani na inawababaisha wengi. "Lin" au "linen" ni kitani. "Laine", "wool", "lana", "Wolle" ni sufu. "Soie", "silk", "seta", "Seide" ni hariri. "Polyamide" na "nylon" ni kitu kimoja, nukta moja. "Élasthanne", "elastane" na "spandex" ni ule uzi unaovutika.

Asilimia zikichanganyika, fuata uzi dhaifu kuliko wote, hata kama ni mchache. Jinzi yenye pamba 98 na elastani 2 haipigwi kama pamba tupu. Hizo 2 ndizo zinazoishikilia mwilini, na zikikaukia moto, magoti yanabaki yamelegea kama mfuko.

Etiketi za Marekani huwa na maneno matupu mengi. Sheria ya huko ya mwaka 1971 ilidai maelezo ya matunzo, na alama zilikuja kuruhusiwa mwaka 1997. "Do not iron" ni X. "Cool iron" ni nukta moja, "warm iron" ni mbili, "hot iron" ni tatu. Za Kifaransa utaona "ne pas repasser", usipige, au "repasser à l'envers", geuza nje ndani.

Nguo za Japani na Korea zina upekee wake. Japani ilihamia alama za kimataifa Desemba 2016, kwa hiyo nguo za kabla ya hapo zina kipasi chenye herufi moja ya Kijapani ndani: 低 ni joto la chini, 中 la katikati, 高 la juu. Za Korea mara nyingi huandika digrii zenyewe ndani ya kipasi, na hilo ni rahisi. Ukiona mstari wa mawimbi chini ya kipasi kwenye nguo za namna hii, usidhani ni mvuke: maana yake weka kitambaa kati ya pasi na nguo.

Kuipima pasi yako

Pasi ya umeme mara nyingi ina nukta zilezile kwenye kigurudumu cha joto, na zinalingana na za etiketi. Ila usianze kupiga mara tu taa inapozimika kwa mara ya kwanza. Pasi nyingi, hasa za bei nafuu, hupitiliza joto mwanzoni kisha hurudi. Ngoja taa iwake na kuzimika mara ya pili.

Pasi ya makala haina kigurudumu wala taa, lakini ina kitako, na kitako hupimwa kwa tone la maji. Chovya kidole kwenye kikombe, dondosha tone moja kwenye chuma ukiwa umeinamisha pasi kidogo, kisha tazama na usikilize.

Tone likikaa mahali pake na kutoa mapovu madogo polepole, uko kwenye joto la nukta moja. Likilia "chwaa" na kukauka papo hapo, uko karibu na nukta mbili. Lakini likijikunja kuwa kama shanga, likakimbia juu ya chuma na kudondoka chini kabla ya kukauka, umefika nukta tatu au umezipita. Shanga hiyo haiguswi na chuma tena. Inaelea juu ya mvuke wake yenyewe kwa sababu chuma ni cha moto sana. Pasi inayokimbiza tone haigusi chochote isipokuwa pamba na kitani.

Kisha hakikisha kwa kitambaa. Weka kipande cha shuka kuukuu jeupe la pamba, bandika pasi, hesabu polepole mpaka kumi. Kikibadilika njano, hata kwa mbali, pasi ni kali kupita kiasi hata kwa nguo ya nukta tatu. Iache ipoe wazi kidogo, au ifunge matundu ya hewa kama yana kifuniko, makala yapungue nguvu.

Hapa kuna jambo ambalo wanaotumia pasi zote mbili hulisahau. Pasi ya umeme hupanda joto haraka na kushuka taratibu, kwa hiyo anza na nguo za nukta moja, kisha mbili, malizia na pamba. Pasi ya makala inakwenda kinyume. Makala yakishakolea yako kileleni, na kuanzia hapo yanashuka. Piga pamba kwanza, kitenge na mashuka, halafu poliesta na sufu, na nailoni iwe ya mwisho makala yakiwa majivu matupu yenye joto. Tangu nilipopanga kazi hivi sijachoma tena blauzi ya mtu.

Na tafadhali, usipige pasi ya makala ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama mvua inanyesha na baridi ya ziwani inaingia. Moshi usioonekana wa makala unaua watu wakiwa usingizini. Fungua mlango na dirisha, na makala yawashie nje. Kabla ya kuingia nayo, ipeperushe majivu yote yatoke, maana jivu moja likidondoka kwenye shati jeupe utarudi kufua.

Nguo isiyo na etiketi kabisa

Kitenge kilichoshonwa na fundi wa mtaani, sare ya shule, shati la mitumba lililokatwa etiketi: hizi unazipima kwa uzi. Chomoa uzi mdogo kutoka ndani ya mshono, ushike kwa kibano mbali na nguo, uuwashe kwa kiberiti juu ya sahani. Ukinuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, ni pamba, kitani au viskosi. Ukinuka nywele zilizoungua, ni sufu au hariri. Ukiyeyuka, ukajikusanya kuwa kidonge kigumu kisichopondeka, ni poliesta au nailoni, na mpaka ujue ni ipi ichukulie kuwa nukta moja. Viskosi na pamba haziachani kwa moto, kwa hiyo hapo panda taratibu kutoka nukta mbili.

Kisha jaribu upande wa ndani wa pindo, mahali pasipoonekana, kwa sekunde mbili. Ikinata au kung'aa, umeshapata jibu kwa gharama ndogo.

Nguo zetu za kila wiki

Shati jeupe la sare ya shule kwa kawaida ni poliesta na pamba. Nukta mbili. Anza na ukosi upande wa chini, kisha mabega, mikono, na mwili mwishoni. Sketi na suruali za buluu huota mng'ao mbaya kwenye makalio na magoti ukizipiga juu kwa juu, kwa sababu nyuzi zinalala bapa. Zigeuze, au weka kitambaa chenye unyevu katikati. Fanya hivyo hivyo kwa suti nyeusi ya sufu, na usisugue: bandika pasi, inua, sogeza.

Kitenge cha pamba tupu kinapigwa kwa nukta tatu upande wa nyuma, kikiwa na unyevu, ili rangi isififie. Lakini siku hizi kuna vitenge vingi vya poliesta vinavyofanana nacho kabisa kwa macho. Pima uzi kwanza. Dantela (lesi) ya harusi ina matundu ambamo ncha ya pasi hukwama na kuchana. Itandike juu ya taulo, ifunike kwa kitambaa, joto la chini. Fulana yenye picha iliyobandikwa usiipige juu ya picha hata kama etiketi ina nukta tatu, maana nukta zile ni za kitambaa. Mahameli haibanwi kabisa: itundike, ipitishie mvuke kwa mbali kama etiketi inaruhusu.

Likitokea la kutokea

Nailoni ikinata kwenye kitako, usikwangue kwa kisu. Mikwaruzo itachana nguo zijazo. Pasha pasi kidogo tu mpaka mabaki yalainike, yasukume kwa kipande cha mti laini, kisha sugua kwa kitambaa kinene cha pamba. Kwa pasi ya chuma, jani bichi la mgomba likipitishiwa kitako chenye joto hukisafisha na kukiacha kikiteleza.

Pamba nyeupe iliyopata njano hafifu huweza kupona: ilowanishe, ianike juani, au gusia maji ya oksijeni (hidrojeni peroksaidi) ya asilimia 3 kutoka famasi kisha suuza. Ikishakuwa kahawia, uzi wenyewe umeungua, na hakuna dawa.

Siku hizi nguo ikiletwa, naifunua etiketi mbele ya mwenyewe kabla sijaipokea. Nikiona X namwambia papo hapo na kumrudishia. Nikiona kipasi chenye nukta moja nafunga uzi mwekundu kwenye kifungo na kuiweka chini kabisa ya kikapu. Mama yule wa kwaya bado ananiletea nguo. Jumamosi iliyopita alileta blauzi nyingine, ya kijani, nikamwonyesha kile kipasi: "Mama, hii ni nukta moja. Nitaipiga ya mwisho makala yakishapoa, uichukue saa moja ya jioni." Akainama kukitazama, akaniomba nimwonyeshe pia cha sketi aliyokuwa amevaa.